Makava ya magazeti ya mitindo yamejaa mastaa, wanamitindo walikosa nini?

#1 Cherehani_Kirumba
Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, kibanda changu kipo Kirumba, Mwanza. Nina rundo la magazeti ya mitindo ya kizungu. Mengine kaniachia mzee aliyenifundisha kazi, mengine nimenunua kwa wauza vitabu chakavu mjini. Hilo rundo ndilo katalogi yangu. Mteja anakuja na kitenge chake, analamba kidole, anafunua weee, akifika anapopapenda anagonga na ukucha: "Fundi, mkono kama huu hapa, ila kiunoni usinibane." Ukurasa ukigongwa sana unachanika, nabandika selotepu, maisha yanaendelea.

Juzi bati limevuja, ikabidi niyaanike na kuyapanga upya, safari hii kwa miaka. Ndipo nikaona jambo. Yale ya miaka ya themanini mpaka tisini katikati, kavani kuna mwanamitindo. Jina humjui na wala hujali, unaona gauni lilivyokaa, unaona bega, mshono, pindo. Ukija 2000 na kuendelea, kila kava ni mwigizaji, mwanamuziki, mke wa rais, mcheza tenisi. Na kamera imemsogelea. Sura imejaa ukurasa, nguo inaishia kifuani, halafu maandishi yanafunika hata hicho kidogo kilichobaki. Hapo fundi unakopi nini? Meno?

Madai yangu: magazeti ya mitindo yaliacha kuuza nguo yakaanza kuuza watu. Nani aliamua hivyo, na wanamitindo walikosa nini? Nipingeni kwa hoja.

#2 Dagaa_wa_Mwaloni
Nimewahi siti ya mbele. Fundi, gauni la dada yangu ulisema litakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ya mwaka gani?

#3 Nshomile_wa_Kashai
Acha kumharibia fundi biashara. Mleta mada, jibu lako lina jina: Anna Wintour. Alikabidhiwa uhariri mkuu wa gazeti la mitindo la Vogue, lile la Marekani, 1988. Kava lake la kwanza, Novemba mwaka huo, alimweka modo wa Israel, Michaela Bercu, kavaa koti la Christian Lacroix lililonakshiwa na chini jinzi, anacheka, macho karibu yamefumba. Wakati ule kilikuwa kituko, Vogue na jinzi wapi na wapi. Halafu Mei 1989 akamweka Madonna. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba alikaa kwenye ndege na bwana mmoja aliyekuwa anaisifia Vogue, kwamba ni gazeti la heshima zake, haliwezi hata siku moja kumweka mtu kama Madonna. Wintour akashuka na wazo lake.

Kufika 1998 mambo yamekolea. Januari Spice Girls, Oktoba Oprah Winfrey, Desemba Hillary Clinton, mke wa rais wa kwanza kutokea kava la Vogue. Mwanamke mmoja kaamua, wengine wakafuata.

#4 Ngosha_Magu
Nshomile hajawahi kukosa jibu. Hata ukimuuliza bei ya ng'ombe mnadani atakwambia huyo ng'ombe alisoma naye.

#5 Mzee_wa_Capripoint
Kijana wa Kashai, umeeleza vizuri ila hadithi umeianzia katikati. Barbra Streisand alitokea kava la Vogue 1966, huyo Wintour wako bado msichana wa shule London. Mastaa walikuwepo tangu zamani, ila walikuwa wanakuja mara moja moja.

Na hakuamua peke yake. Mwaka 1994 wenye gazeti la People walianzisha InStyle. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: staa kavaa nini, kanunua wapi, sebuleni kwake kuna kochi gani. Kavani staa, ndani staa. Likauzika. Wenye magazeti ya mitindo ya siku zote wakaona wasomaji wanahamia jirani. Mfanyabiashara akishaona hivyo hahitaji ndege wala bwana wa kumchokoza.

#6 Nshomile_wa_Kashai
Mzee shikamoo. Lakini 1989 imetangulia 1994, hesabu hiyo haina haja ya chuo.

#7 Mzee_wa_Capripoint
Marahaba. Kava moja halifanyi desturi. Baada ya Madonna, miaka ya tisini mwanzoni, kavani bado walitawala wanamitindo kina Linda Evangelista na Cindy Crawford. Desturi ilikuja kugeuka baadaye. Mwulize fundi, magazeti anayo.

#8 Cherehani_Kirumba
Mzee yuko sahihi kwa rundo langu. 1991, 1992, 1993 ni wanamitindo karibu watupu.

Dagaa, mwambie dada aje Jumamosi na vifungo vyake. Vifungo ndivyo vimechelewesha, hajaleta mpaka leo.

#9 Modo_Mstaafu
Mmemtaja Linda, nami nimeitwa bila kuitwa. Nimefanya hii kazi, hapa Mwanza na kidogo Dar. Ninavyojua mimi, waliowamaliza wanamitindo ni wanamitindo wenyewe, tena wale wakubwa.

Januari 1990 Peter Lindbergh alipiga kava la Vogue ya Uingereza, wasichana watano pamoja, picha nyeusi na nyeupe, New York: Naomi Campbell, Linda Evangelista, Tatjana Patitz, Christy Turlington, Cindy Crawford. Mwaka huo huo George Michael akawachukua wote watano kwenye video yake, yeye mwenyewe hata hakuonekana. Kuanzia hapo mtu akiangalia onyesho la mavazi haulizi nguo ya nani, anauliza Naomi yuko wapi. Linda akatamka ile kauli kwamba wao hawaamki kwa chini ya dola 10,000 kwa siku. Alikuwa anatania, lakini kauli iliwafuata.

Wabunifu wakachoka. Wakaanza kuchukua wasichana wasiojulikana, wembamba, wanaofanana kama mapacha, msimu ukiisha wanabadilishwa, ili macho yarudi kwenye nguo. Sawa, jukwaani yakarudi. Lakini kava linauzwa mtaani kwa mtu anayepita haraka, linataka sura ambayo mpita njia anaijua. Modo alishanyang'anywa jina, sasa nani abaki? Mwigizaji. Yaani mastaa hawakumfukuza mtu, walikuta nafasi iko wazi.

#10 Binti_Sengerema
Dada Modo nakuheshimu, ila Gisele Bündchen unamweka wapi? Huyo ni wa mwishoni mwa tisini, na 1999 katokea kava la Vogue ya Marekani zaidi ya mara moja. Jina alikuwa nalo, umbo alikuwa nalo. Kama modo walinyang'anywa majina, yeye alilitoa wapi?

#11 Modo_Mstaafu
Mmoja. Nitajie wa pili wa miaka ile ambaye mama yako anamjua.

#12 Binti_Sengerema
Mama yangu hamjui hata Madonna. Anamjua Bi Kidude.

#13 Dagaa_wa_Mwaloni
Mama wa Sengerema kashinda mjadala. Ufungwe.

#14 Kamanga_Feri
Mnazunguka sana, fuateni hela. Mwigizaji hatoi kava bure kwa mapenzi, na kwa kawaida gazeti halimlipi. Kila mmoja anapata chake. Filamu inatoka Novemba, mpambe wake anapanga kava litoke Oktoba au Novemba. Gazeti linapata sura ya kuuzia, filamu inapata tangazo ambalo halina bei. Modo hana filamu ya kutangaza, anakuja na uso wake tu na anataka nauli.

Halafu kuna manukato. Nicole Kidman na Chanel No. 5 ni 2004, Charlize Theron na J'adore ya Dior ni 2004. Zamani tangazo la manukato lilikuwa chakula cha modo. Kampuni ikishamsaini staa kwa mamilioni inataka aonekane kila mahali, na hiyo kampuni ndiyo inayonunua kurasa za matangazo za hilo hilo gazeti. Mhariri gani atakataa?

#15 Mzee_wa_Capripoint
Kamanga umegusa penyewe. Na nguvu ya mwenye matangazo imewahi kumfaa modo pia. Naomi Campbell alipata kava la Vogue ya Ufaransa Agosti 1988, msichana mweusi wa kwanza pale, baada ya Yves Saint Laurent kutishia kuondoa matangazo yake. Mbunifu mwenye hela alisimama na modo. Waliofuata wakasimama na waigizaji.

#16 Malimbe_Hosteli
Naombeni kuuliza jambo kidogo. Sisi weusi tumepata au tumekosa katika haya mabadiliko? Maana ukiangalia, Oprah 1998, Michelle Obama 2009, Rihanna, Beyoncé, Lupita 2014. Wakati wa wanamitindo watupu mweusi alikuwa nadra. Beverly Johnson ndiye wa kwanza Vogue ya Marekani, Agosti 1974, gazeti lenyewe lipo tangu karne ya kumi na tisa. Baadaye akaja Iman, Msomali aliyeokotwa anachunga mbuzi porini Kenya.

#17 Nshomile_wa_Kashai
Mdogo wangu, hiyo ya mbuzi ni chai. Iman alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake balozi, anaongea lugha kadhaa. Peter Beard, mpiga picha Mmarekani, alimwona Nairobi 1975, akaenda nayo New York hadithi ya mchunga mifugo kwa sababu inauzika. Wamarekani wakaamini, na naona wewe Malimbe pia wamekufikia.

#18 Malimbe_Hosteli
Kwa hiyo hata modo aliuzwa kwa hadithi na si kwa nguo. Asante, umenisaidia hoja bila kutaka. Fundi, unaona? Kuuza watu hakukuanza na mastaa.

#19 Ngosha_Magu
Hahaha! Nshomile kafunga goli la kujifunga.

#20 Cherehani_Kirumba
Hoja ya Malimbe ina uzito, nakiri imenikuna kichwa. Ila hadithi ya mbuzi walielezwa wahariri na waandishi. Mnunuzi anaona kava: mwanamke mrefu, shingo, nguo. Staa anakuja kavani na hadithi yake yote tayari, ndoa yake, talaka yake, ugomvi wake. Nguo itasikika saa ngapi?

#21 Binti_Sengerema
Kuhusu swali la Malimbe la weusi, naomba msinipite haraka hapa.

Novemba 1997 Alek Wek, Mdinka wa Sudan Kusini, alitokea kava la Elle ya Marekani. Mweusi tii, nywele fupi, hakuna alichobadilishwa. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o akasimama Hollywood kwenye hafla ya jarida la Essence akasema mbele ya watu kwamba utotoni alikuwa anamwomba Mungu amfanye mweupe, mpaka alipomwona Alek Wek kwenye majukwaa na magazeti. Miezi michache baadaye, Julai 2014, Lupita naye yuko kava la Vogue.

Sasa nijibuni: nani alimtengeneza nani? Lupita ni Mjaluo, kwao huko Kisumu, maji haya haya tunayokunywa sisi. Staa aliyekuja kuchukua nafasi ya modo alipewa moyo na modo. Ukiwafuta wanamitindo makavani, msichana wa Ukara au Rusinga mwenye rangi kama ya Alek atamwona nani kabla hajawa staa? Maana kuwa staa kunahitaji uwe umeshakubalika. Modo alikuwa anachukuliwa mtaani.

#22 Kamanga_Feri
Binti leo umeamka vizuri. Niongeze tu kwamba Lupita alirudi kava la Vogue Oktoba 2016, na safari hiyo walimpigia picha Kenya akiwa na ndugu zake. Ile toleo niliiona kwa mtu Kisumu, ilikuwa imefungwa nailoni kama cheti cha ndoa.

#23 Msemakweli_Igoma
Mbona mnavuka mpaka kwenda Kisumu wakati wetu yupo? Flaviana Matata, Miss Tanzania 2007, kichwa kipara, mzaliwa wa Shinyanga.

#24 Modo_Mstaafu
Msemakweli, Miss Tanzania 2007 ni Richa Adhia. Flaviana alikuwa Miss Universe Tanzania, mwaka huo huo, akaenda Mexico akaingia kumi bora na kipara chake. Mashindano mawili tofauti, waandaaji tofauti.

#25 Msemakweli_Igoma
Taji ni taji, dada. Ninachosema, yule binti mama yake alifia kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Sisi wa Igoma makaburi tunapita pembeni yake kila siku. Akakua, akaenda New York akafanya kazi na watu wakubwa, akaanzisha taasisi ya kusomesha wasichana. Watu wengi hapa Mwanza wanamjua kwa historia hiyo kuliko kwa nguo yoyote aliyovaa. Kwa hiyo hata modo, sisi wenyewe tunamtaka na hadithi. Tusiwalaumu wazungu peke yao.

#26 Dagaa_wa_Mwaloni
Hapo umenyamazisha uzi, Msemakweli.

#27 Modo_Mstaafu
Sitanyamaza, ngoja niwape la nyumbani, jina la duka sitataja.

Kuna mfanyabiashara wa vitenge mjini alikuwa anatoa kalenda kila mwaka. Mwezi mmoja kitenge kimoja, modo mmoja, mawe na ziwa nyuma. Kalenda zile zilikuwa zinabandikwa saluni, mamalishe, mpaka ofisi za serikali. Nilipiga kadhaa. Ukivaa gauni la kitenge juu ya mawe ya Capripoint saa nane mchana, jiwe linakuchoma kupitia kiatu, na bado unatakiwa uonekane umetoka kuoga. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanadhani ni kusimama tu.

Mwaka wa mwisho nikaitwa kama kawaida. Nimefika, nimepakwa, nimevaa, mpiga picha kanisimamisha, anapima mwanga, sogea kushoto, inua kidevu, hapo hapo usitikisike. Nikakaa juani muda mrefu. Halafu ikaja gari, akashuka msanii, simtaji, na watu wake. Nikaambiwa: "Dada vua gauni, avae yeye." Kumbe mimi nilikuwa wa kupimia taa. Gauni halikumfunga mgongoni, wakalibana kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, mstari mzima kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mbele linaonekana limemkaa kweli kweli. Akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama, kidevu pale pale. Viatu pia vilikuwa vyangu, vyake vilikuwa havifai kwenye mawe.

Kalenda ilitoka miezi kumi na mbili ni yeye. Sikulipwa siku ile, nilipewa nauli.

#28 Ngosha_Magu
Pole sana dada. Ila hivyo vibanio ningekuwa mpiga picha ningezunguka nyuma nikapiga na huko.

#29 Binti_Sengerema
Halafu mtu akienda kwa fundi anasema nataka likae kama kwenye kalenda. Fundi atashona vibanio?

#30 Cherehani_Kirumba
Wanakuja! Wanakuja hivyo hivyo! Nilishona gauni la kalenda za aina hiyo, mteja akanirudishia mara mbili, eti mgongo haujakaa kama wa picha. Mgongo wa picha haupo, mama. Dada Modo wabeja kwa siri hiyo, nitaibandika ukutani.

Sisemi staa hana haki ya kuvaa nguo. Nasema modo kazi yake ilikuwa kuonyesha nguo inavyokaa mwilini. Staa kazi yake ni kuonyesha kwamba yeye yupo.

#31 Vitenge_Makoroboi
Nimesoma kimya tangu juzi, sasa mnatugusa sisi wenye maduka. Mimi si huyo wa kalenda, kwanza nieleweke.

Mteja wa siku hizi akiingia dukani hasemi "nataka kitambaa kizito cha gauni la mikono mirefu." Anatoa simu: "Nataka ile aliyovaa fulani harusini." Jina kwanza, nguo baadaye. Mwaka ambao nilibandika bango la modo, watu waliuliza "huyu nani?" Mwaka niliobandika mchekeshaji wa hapa hapa, mwili wake wa kawaida kabisa, tumbo lipo, watu waliuliza "bei gani?" Mnataka nifanye nini? Nina pango la kulipa, na mzigo nachukua kwa mkopo.

Na tusisahau, mwanamke wa kawaida alikuwa anamwangalia modo mrefu, mwembamba, anasema hiyo si yangu. Yule mchekeshaji kamwambia na wewe unaweza kuvaa.

#32 Mzee_wa_Capripoint
Mwenye duka ana hoja, ingawa mastaa wa huko kwa wenzetu nao si watu wa kawaida hivyo. Oprah aliambiwa na Wintour apunguze uzito kwanza kabla ya kava la 1998. Wintour alimfuata mpaka Chicago, na amelisema mwenyewe kwenye televisheni. Oprah akapunguza. Kwa hiyo mlango walimfungulia staa, lakini kipimo cha modo kilibaki mlangoni.

#33 Nshomile_wa_Kashai
Hilo nililijua ila niliwaachia mzee.

#34 Ngosha_Magu
Tunashukuru kwa ukarimu.

#35 Malimbe_Hosteli
Na wanaume? Maana Harry Styles, Desemba 2020, ndiye mwanaume wa kwanza Vogue ya Marekani, tena kavaa gauni, watu walipiga kelele sana.

#36 Kamanga_Feri
Wa kwanza kukaa peke yake. Richard Gere alitokea 1992 na Cindy Crawford, George Clooney 2000 na Gisele, LeBron James Aprili 2008 na Gisele tena, mwanaume mweusi wa kwanza, na lile kava lilileta ugomvi wake kwa jinsi LeBron alivyopigwa picha amefungua mdomo anaunguruma. Angalia hapo: kila mwanaume staa aliletwa akiwa amesindikizwa na modo. Wakati huo modo bado ana kazi, ya kusindikiza.

#37 Binti_Sengerema
"Ya kusindikiza." Umeandika kwa utani lakini ndiyo ilivyo.

#38 Msemakweli_Igoma
Turudi kwetu kidogo. Hapa Bongo hatujawahi kuwa na huo wakati wa modo kavani wa kusema umepotea. Magazeti ya Ijumaa, Risasi, Amani, yale ya Eric Shigongo, mtoto wa Buchosa huku huku Ziwa, ukurasa wa mbele ulikuwa wa mastaa tangu mwanzo, na si kwa mavazi, kwa mafumanizi. Bang! ya Emelda Mwamanga ndiyo ilijaribu kuwa jarida la mtindo wa maisha lenye karatasi nzuri, nayo ilibebwa na majina. Na hata wanamitindo wetu, akishapata taji anageuka staa. Wema Sepetu alikuwa Miss Tanzania 2006, leo nani anamkumbuka kwa mavazi ya jukwaani? Anajulikana kwa filamu na habari zake. Sisi tulirukia mwisho wa hadithi.

#39 Malimbe_Hosteli
Umesahau Fema, ile ya Femina iliyokuwa inaletwa mashuleni bure. Kavani vijana wa kawaida, si modo si staa. Sekondari tulikuwa tunagombania, na nguo zao tulikuwa tunazijua, ni za mtumba wa Mlango Mmoja kabisa.

#40 Cherehani_Kirumba
Hizo ninazo mbili. Wateja hawazigusi.

#41 Vitenge_Makoroboi
Si nilisema?

#42 Modo_Mstaafu
Kabla hamjatuzika, Septemba 2023 Vogue ya Marekani na ya Uingereza ziliwarudisha Naomi, Linda, Cindy na Christy kava moja. Wote wamepita hamsini. Wanamitindo watupu, toleo la Septemba, ndilo kubwa la mwaka. Na Februari 2022 mhariri Edward Enninful aliweka wasichana tisa wa Kiafrika kava la Vogue ya Uingereza, kina Adut Akech na Anok Yai. Hatujafa.

#43 Kamanga_Feri
Dada, hao wanne Septemba 2023 walikuwa na mfululizo wao wa makala wa Apple unatoka mwezi huo huo. Walikuja kama mastaa wanaotangaza kazi yao. Rejea namba 14.

#44 Binti_Sengerema
Na wale tisa waliwekwa giza mpaka sura hazionekani vizuri, na mawigi juu. Nilifurahi nikaudhika ndani ya dakika moja. Hawakupewa majina makubwa, walipewa rangi. Beyoncé Septemba 2018 alipigwa na Tyler Mitchell, kijana wa miaka 23, Mmarekani mweusi wa kwanza kupiga kava la Vogue. Unadhani modo angepata nafasi ya kuchaguliwa mpiga picha kama huyo? Staa ana sauti mezani. Hapo ndipo ninaposhindwa kuchagua upande, maana namba 21 nimetetea modo na bado natetea.

#45 Nshomile_wa_Kashai
Nyote mnabishania nyumba inayobomolewa. InStyle yenyewe, iliyoleta mastaa, ilisimamisha gazeti la karatasi 2022. Glamour ya Marekani iliacha kutoka kila mwezi kwenye karatasi mapema zaidi. Kava siku hizi ni picha ya kupandisha Instagram, na wanaangalia nani ana wafuasi wengi. Kendall Jenner, yule wa familia ya kina Kardashian ya kwenye televisheni, alipewa kava la Septemba 2016: modo au staa? Jibu unalo kiganjani.

#46 Dagaa_wa_Mwaloni
Mliobisha wote humu, nani amewahi kununua gazeti la mitindo jipya kwa hela yake mwenyewe? Mnyooshe mkono.

#47 Ngosha_Magu
Mimi nanunua ya michezo tu, na hiyo nasoma kurasa za mwisho kibandani nikisimama.

#48 Mzee_wa_Capripoint
Marehemu mke wangu alikuwa ananunua, miaka ile. Ndiyo maana nayajua haya. Alikuwa anakata kava anaweka kwenye fremu, na siku moja nikamuuliza huyu dada ni nani, akanijibu sijui, ila angalia koti.

#49 Cherehani_Kirumba
Mzee, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu namba 1.

#50 Vitenge_Makoroboi
Sawa, nimewasikia. Mwezi ujao naingiza mzigo mpya wa vitenge vya nta na nataka kupiga picha. Nawaza nusu nusu: mchekeshaji kwenye bango la nje, na ndani ya duka picha za nguo nzima kutoka shingo mpaka kisigino, mbele na nyuma. Fundi wa Kirumba ashone. Ninahitaji modo anayejua kazi.

#51 Modo_Mstaafu
Mbele na nyuma? Bosi, mimi nguo hunikaa bila vibanio. Ila malipo kabla ya kuvaa, na viatu vyangu havivaliwi na mtu mwingine.